Baada ya Kikombe

Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa methadoni watu waliokuwa wakijidunga heroini. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimetangulia, lakini katika Afrika bara kusini mwa Sahara hiyo ndiyo iliyokuwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina yake. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Kenya ilianzia Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata huduma ikafika Malindi na Mombasa. Leo hii, kila kunapokucha, watu wanapanga foleni kwenye madirisha ya kliniki hizo. Mtu anataja jina lake, anapewa kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu, anatamka neno moja mawili ili ionekane kwamba amemeza, anaondoka. Yote hayo ni dakika chache. Toleo hili tumeliandaa kwa ajili ya saa zinazobaki.

Nianze na kikombe chenyewe, maana wapo wanaokidharau. Heroini haidumu mwilini. Aliyeizoea huamka na arosto: makamasi yanamtiririka, tumbo linamkata, mifupa inamuuma, usingizi haupo. Siku yake yote ni mbio za kutafuta hela ya kete ya heroini, na kete ikimwisha mwilini mbio zinaanza upya. Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Hushika palepale kwenye ubongo panaposhikwa na heroini, ila hupanda polepole na kushuka polepole, na kipimo kikishakaa sawa mtu halewi wala haumwi. Anaweza kufanya kazi, kulea, kusali, kulala. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, kwa sababu wanaobaki katika tiba hii hawafi ovyo kama walio nje yake, sindano wanazipunguza, na VVU vinawapata kwa nadra zaidi. Anayesema kwamba mgonjwa wa methadoni amebadilishiwa ulevi tu anamtaka aache kitu kinachomweka hai. Jarida hili halitamuunga mkono.

Halikadhalika hatutaunga mkono desturi ya kumfungia mtu wiki mbili tatu mpaka arosto imtoke, kisha kumrudisha nyumbani kana kwamba amepona. Mwili wake kwa muda huo umeshapoteza ule uzoefu wa kuhimili dawa. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Hatari hii inamfuata kila anayetoka jela na kila anayetoka kambi ya kuachishwa, na siku za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, zile ambazo nyumbani bado wanapokea wageni wa kuja kumpongeza.

Kwa hiyo ninapozungumzia tiba inayomtazama mtu kamili, nisieleweke kwamba nataka dawa iondolewe na mahali pake pawekwe mawaidha. Ukamilifu unaanza na dawa. Malalamiko yangu ni kwamba tumeishia hapo.

Walioianzisha tiba hii hawakuishia hapo. Mwaka 1965 madaktari wawili wa New York, Vincent Dole aliyekuwa mtafiti wa kemia ya mwili na Marie Nyswander aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili, walichapisha taarifa ya wagonjwa 22 wa heroini waliotibiwa kwa methadoni. Nyswander alikuwa na miaka mingi ya kuwahudumia watu hawa, na tangu 1956 alikuwa ameshaandika kitabu cha kutetea kwamba mraibu ni mgonjwa. Taarifa yao haikusema kwamba dawa peke yake ilifanya kazi. Ilisema dawa ilitolewa pamoja na mpango mpana wa kumrudisha mtu kwenye maisha, na matokeo waliyoyahesabu ni watu waliopata ajira, waliorudi shule, waliopatana na ndugu zao. Mwaka 1977 George Engel, daktari wa Rochester katika nchi hiyohiyo, akaipa hoja hiyo msingi wa jumla katika jarida la Science: ugonjwa hauelezeki kwa kemia ya mwili peke yake, bila nafsi ya mgonjwa na watu anaoishi nao. Sisi tulikipokea kikombe. Nusu ya pili tuliiandika kwenye miongozo, na huko ndiko tulikoiacha.

Tuliyoyapoteza kwa kuiacha yanaonekana kwanza kwenye mwili wenyewe. Mfikirie mgonjwa wa methadoni aliyegundulika kuwa na kifua kikuu. Anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Rifampisini hulichochea ini liivunjevunje methadoni kwa kasi, na baada ya siku kadhaa kipimo kilichokuwa kikimtosha hakimtoshi tena. Efavirenzi, iliyotumika miaka mingi dhidi ya VVU, nayo hufanya hivyohivyo. Mgonjwa anarudi dirishani akilalamika arosto; anaambiwa anatafuta kuzidishiwa ili alewe. Usiku ananunua kete. Kipimo cha mkojo kinamfichua, na jalada lake linaandikwa kwamba ni mkaidi. Mgongano wa dawa mbili umeandikwa kama tabia mbaya ya mtu. Daktari wa kifua kikuu na daktari wa methadoni wangekuwa wanasoma jalada moja, kipimo kingepandishwa mapema na kete ile isingenunuliwa.

Kisha kuna maradhi ya akili yenyewe, ambayo katika kliniki zenye foleni ndefu hayapati nafasi. Wanaojidunga wengi wana sonona, au hofu isiyowatoka, au ndoto za mambo waliyotendwa utotoni, au sauti wanazozisikia peke yao. Kupambanua kunataka subira na ujuzi. Mtu aliye katika arosto atakosa usingizi, atalia, atasema maisha hayana maana. Baadhi ya hayo yatapungua yenyewe ndani ya wiki chache methadoni ikishatulia. Ukimpa jina la sonona siku ya pili, huenda umekosea. Usipomrudia mwezi wa pili kuangalia kama huzuni imebaki, umekosea zaidi. (Anayesema anataka kujiua hangojewi wiki hata moja.) Swali la kumuuliza ni jepesi na aghalabu halijaulizwa na mtu yeyote: kabla ya kete ya kwanza, ulikuwa unaendeleaje? Atakayejibu kwamba usingizi ulimtoka tangu alipofiwa na mama, au kwamba unga, yaani heroini, ulimnyamazishia kitu, ameshakueleza ugonjwa wa pili, na mara nyingine wa kwanza.

Nalisisitiza hili kwa sababu lina kifo ndani yake. Mtu ambaye hofu yake haikutibiwa atajitibu mwenyewe kwa pombe, au kwa valiamu zinazouzwa mitaani bila cheti. Pombe na valiamu juu ya methadoni huzima pumzi. Mwenye kufa hivyo ataandikwa kwamba alichanganya dawa, ilhali alikuwa akipita mbele ya mhudumu wa afya kila siku ya Mungu na hakuna aliyemuuliza analalaje.

Sasa tutoke nje ya lango la hospitali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilishtushwa na wanajeshi wake waliokuwa wakitumia heroini Vietnam, na mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia waliporejea kwao. Takriban mmoja katika kila watano alikuwa amepata uraibu akiwa vitani. Ilitarajiwa janga. Lakini kati ya wale waliokuwa waraibu, kiasi cha 5 tu katika kila 100 walirudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Matokeo haya hutajwa sana kana kwamba yanathibitisha kuwa kuacha ni rahisi. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Askari wale walivuka bahari. Waliacha nyuma vita, hofu, kijiwe na muuzaji, wakarudi kwenye mji ambao haukuwahi kuwaona wakitumia. Kijana wa Temeke au wa Kisauni, Mombasa, anakunywa methadoni saa mbili asubuhi, na saa tatu yuko kwenye maskani ileile, na watu walewale, chini ya ukuta uleule. Hana bahari ya kuvuka. Tiba isipomjengea mahali pengine pa kukaa saa hizo, imemwachia yeye peke yake kazi ambayo wale askari walifanyiwa na meli na ndege.

Wala tusiidharau maskani. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliripoti katika jarida la kitabibu la BMJ jambo lililoishtua dunia: baadhi ya wanawake waliokuwa wakijidunga, baada ya kupiga sindano, walivuta damu yao wenyewe na kumpa mwenzao asiye na hela, wakiamini kwamba damu hiyo imebaki na heroini ya kutosha kumpunguzia arosto. Kwa upande wa VVU na homa ya ini hakuna njia ya hatari kuliko hiyo. Na bado, aliyekuwa akiivuta ile damu alikuwa akimhurumia mwenzake. Alijua maumivu yale, na alitoa kitu pekee alichokuwa nacho. Huko maskani kuna watu wanaojuana kwa majina, wanaogawana mkate, wanaobebana mmoja akianguka. Familia nyingi zilishawafuta. Ukimtaka mtu aondoke pale huna budi kumpa watu wengine, na hao hawapatikani kwenye dirisha la dawa. Ndiyo maana mwelimishaji rika, aliyewahi kutumia na sasa ametulia, ana uzito katika tiba ambao shahada ya daktari haiwezi kuuziba.

Wanawake niwataje peke yao, kwa kuwa kliniki wanaonekana wachache kuliko walivyo mitaani. Kliniki ya asubuhi haimfai anayefanya kazi usiku. Anayelea mtoto hana wa kumwachia. Mwenye mimba anaogopa kunyang'anywa mtoto au kutukanwa wodini, hivyo anajificha, wakati ambapo methadoni ndiyo tiba inayopendekezwa kwake. Kukatiziwa dawa ghafla kunaweza kukihatarisha kiumbe kilicho tumboni. Na yule ambaye hela yake ya kete hupitia mikononi mwa mwanamume anayempiga, kipigo hicho ni sehemu ya ugonjwa wake na kinastahili kuandikwa kwenye jalada pamoja na shinikizo la damu.

Kuhusu dini, pwani yetu haitenganishi mgonjwa na imani yake, na daktari anayejifanya kutoliona hilo hajamwona mgonjwa. Ramadhani ikikaribia, mgonjwa Mwislamu anajiuliza kama atafunga au atakunywa dawa. Methadoni inatosha kwa siku nzima. Kwa wengi saa ya kunywa inaweza kusogezwa kidogo kidogo mpaka ifike baada ya futari, kwa usimamizi wa daktari. Daktari anayelizungumza jambo hili kabla ya mwezi kuandama amemzuia mtu asichague kati ya Mungu na tiba, na ninaamini mazungumzo hayo ya robo saa yana thamani ya vipimo vingi vya mkojo. Imamu na padri wana nafasi hapa. Nafasi hiyo haina minyororo ndani yake, wala viboko, wala amri ya kutupa dawa ili imani ionekane.

Nyumba za upataji nafuu, ambazo Zanzibar zimeshamiri na aghalabu huendeshwa na watu waliowahi kutumia, zimewapa wengi kitu ambacho hospitali haina: kuamka pamoja, kupika pamoja, kusema ukweli mbele ya wanaoujua. Ninaziheshimu. Ninaziomba zifungue mlango kwa anayetumia methadoni, maana zilizo nyingi humhesabu bado kuwa mtumiaji, na hospitali nazo ziache kuziona kama wababaishaji. Mgonjwa mmoja hapaswi kulazimika kuchagua kati ya watu wanaomponya na dawa inayomponya.

Liko jambo lingine linaloniuma. Mtu akirudia unga, kliniki nyingine humsimamisha. Hatumfukuzi mgonjwa wa kisukari kwa kunywa soda. Tunamwita karibu zaidi. Kurudia ni dalili ya ugonjwa huu, na siku aliyorudia ndiyo siku anayotuhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Akija na mkojo wenye heroini, maana yake bado anakuja.

Yote haya yanataka watu, na watu wanataka mishahara. Huduma ya Muhimbili ilikua kwa sehemu kubwa kwa fedha za PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani dhidi ya UKIMWI. Januari 2025 serikali hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje ili iipitie upya, na tangu hapo kila anayeendesha kliniki ya aina hii anapiga hesabu zake upya. Najua kishawishi kilichopo. Chupa za methadoni zinahesabika, wahisani na mawaziri wanaziona. Mtu wa ustawi wa jamii anayepanda bodaboda kwenda Tandale kuzungumza na mama mzazi haonekani kwenye jedwali. Fedha zikipungua, yeye ndiye atakayeondolewa kwanza, pamoja na mwelimishaji rika, na kliniki itabaki dirisha na foleni.

Kwa hiyo ombi letu kwa halmashauri na kwa serikali za kaunti ni la bajeti. Nafasi ya ofisa ustawi wa jamii, saa za daktari wa magonjwa ya akili na posho za waelimishaji rika ziandikwe katika fungu lilelile la methadoni, ili anayetaka kuzifuta alazimike kusema hadharani kwamba anapunguza tiba.