Maneno ya Futi Moja na Nusu

Imani hii imeota mizizi Tanzania na Kenya: mtu akimwaga ung'eng'e hadi wasikilizaji wabaki kutazamana, basi huyo ndiye msomi. Anayetumia maneno mepesi anaambiwa ana Kiingereza cha kuombea maji. Imani hiyo ni ya uongo, na shahidi dhidi yake anatoka ndani ya Kiingereza chenyewe.

Shahidi huyo ni neno "sesquipedalian", kivumishi adimu ambacho hata Waingereza wengi hawakijui. Hutumika kwa mtu au maandishi yanayopenda maneno marefu. Liliingia katika Kiingereza karne ya 17 kutoka Kilatini, na maana yake ya asili ni "yenye urefu wa futi moja na nusu". Chanzo chake ni Horace, mshairi wa Roma aliyezaliwa mwaka 65 kabla ya Kristo. Katika Ars Poetica, shairi lake la kuwafunda washairi, anawataja Telephus na Peleus, wahusika wakuu wa tamthilia za Kigiriki walioangukia ufukara na uhamisho. Horace anashauri kwamba mtu aliyefikwa na hayo, akitaka kuugusa moyo wa mtazamaji, ayaache majivuno na maneno ya futi moja na nusu.

Kumbe neno hilo lilizaliwa likiwa karipio! Na aliyekaripia hakuwa mtu anayeionea gere elimu ya wengine. Baba yake Horace alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akahangaika hadi mwanawe akasomeshwa Roma. Baadaye kijana akaendelea na masomo Athens. Maneno makubwa alikuwa nayo tele. Alijua tu wakati wa kuyaweka kando.

Waingereza nao waliligombania jambo hili. Mwaka 1553 Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha, aliwashambulia wasomi waliojaza Kilatini katika maandishi yao ili waonekane wamesoma. Shakespeare naye, katika Love's Labour's Lost, alichukua neno la herufi 27, "honorificabilitudinitatibus", akampa Costard, mtu wa shamba, awachekee nalo wasomi wenye makuu. Na mwaka 2006 mwanasaikolojia Daniel Oppenheimer alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wasomaji humwona mwandishi anayerundika maneno magumu bila sababu kuwa na akili pungufu, si zaidi. Miaka minne baadaye Rais Obama alitia saini sheria inayozitaka idara za serikali ya Marekani ziwaandikie wananchi kwa lugha nyepesi.

Wenye Kiingereza chao wameshaliona tatizo. Sisi tunang'ang'ania nini?

Wengine watasema taaluma zina istilahi zake. Kweli, na daktari hawezi kuacha jina la dawa. Ila mgonjwa akitoka chumbani hajui anaumwa nini, au mkulima akitia kidole gumba kwenye mkataba wa mkopo asioweza kuusoma, hapo hakuna taaluma yoyote iliyolindwa. Kuna mtu aliyenyimwa haki yake. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na nadhani hilo ni miongoni mwa mambo ya maana zaidi tuliyoifanyia lugha yetu tangu uhuru, kwa sababu anayehukumiwa anastahili kuelewa anachohukumiwa.

Lakini kubadili lugha peke yake hakutoshi, maana ugonjwa umeshahamia huku. Soma ripoti za ofisi zetu: "mchakato wa utekelezaji wa mpango mkakati wa uwezeshaji". Ukiuliza kama kisima kimechimbwa, hujibiwi. Hayo ni maneno ya futi moja na nusu yaliyovaa kanzu ya Kiswahili, na yananiuma kuliko yale ya Kiingereza, kwa kuwa yanamfungia mlango mwananchi katika lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Basi nawaomba walimu waache kutoa alama kwa urefu wa maneno, na wahariri warudishe makala isiyoeleweka hata kama mwandishi ana shahada tatu. Nawe msomaji, ukipewa karatasi usiyoielewa, usitie saini. Iwe ni benki, hospitali au ofisi ya serikali, mwambie aliyekupa akueleze upya, na akishindwa, ujue kosa ni lake.