Someni alama kabla ya kuita fedha

Nina neno kwa majirani zangu hapa mtaani Jamhuri waliorithi viko vya wazee: pete nyeupe iliyozunguka shingo ya kiko isiitwe fedha kwa sababu inang'aa. Chukueni kioo cha kukuzia, msome alama zake. Kwa viko vya Uingereza, simba anayetembea ni fedha ya 925, yaani asilimia 92.5, nanga inaonyesha ilipimwa Birmingham, na herufi ya pembeni hutaja mwaka. Mkiona EPNS, huo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, uliopakwa fedha juu kwa umeme. Fedha hiyo ikilika, kingo hugeuka rangi ya umanjano.

Sumaku ikinasa, si fedha. Isiponasa, bado yaweza kuwa shaba au alumini. Tafadhali msiruhusu mtu adondoshee asidi pete hiyo. Huacha doa na kuharibu mbao. Mpelekeeni sonara mnayemwamini. Kiko cha babu ni urithi wa familia nzima, na inauma kukiona kikiuzwa kwa bei ya kutupwa kwa kukosa kusoma alama ndogo.