Kutoka Arsenal hadi K'Ogalo

Jumamosi jioni ukipita madukani hapa Rongai, nayo ni Rongai yetu ya Nakuru wala si ile ya Ongata, utasikia vijana wakibishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Huyu ni Arsenal, yule ni Manchester. Lakini waulize kama wanamfahamu mshambulizi wa Arsenal aliyekuja Kenya akawafunza wazee wao kandanda. Watakutazama kama mtu anayesimulia ndoto.

Mtu huyo alikuwa Len Julians. Alizaliwa London mwaka 1933, akaanzia soka ya kulipwa Leyton Orient, kisha mwaka 1955 akachukuliwa na Arsenal. Mwaka 1959 alihamia Nottingham Forest, klabu iliyokuwa imetoka tu kutwaa Kombe la FA. Mwaka 1964 akaenda Millwall, akawa miongoni mwa waliokipandisha daraja kikosi hicho mara mbili mfululizo, 1965 na 1966. Ni Millwall hiyo hiyo iliyocheza mechi 59 za ligi nyumbani bila kushindwa kati ya 1964 na 1967.

Usidhani basi kwamba alistaafu akiwa na mabunda ya noti. Hadi Januari 1961, sheria za soka ya Uingereza hazikumruhusu mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata awe nyota wa namna gani. Wengi walipotundika daluga walifungua vibaa, wengine wakarudi viwandani. Waliobahatika waligeukia ukufunzi, na baadhi yao wakavuka bahari kutafuta riziki. Julians alikuwa mmoja wao. Riziki yake ilimleta kwa Gor Mahia, klabu iliyoasisiwa mwaka 1968.

Mwaka 1979 aliiongoza K'Ogalo hadi fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Nahodha alikuwa Allan Thigo, aliyekuwa ameichezea Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cameroon mwaka 1972. Katika fainali walikutana na Canon Yaoundé ya Cameroon. Mechi ya kwanza jijini Nairobi, Gor ilichapwa 2-0. Ile ya marudiano kule Yaoundé, ikachapwa 6-0. Jumla mabao manane kwa nunge!

Hapo ndipo wengi wetu hufunga kitabu na kucheka. Lakini subiri kidogo, msomaji. Langoni mwa Canon alikuwepo Thomas N'Kono, aliyetuzwa mwaka huo huo kuwa mwanasoka bora wa Afrika. Alikuwepo pia Théophile Abega. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1982, wawili hao walikuwa katika timu ya Cameroon iliyokwenda Kombe la Dunia kule Uhispania na kutoka bila kushindwa mechi hata moja. Kushindwa na watu wa aina hiyo kunauma, ila si aibu. Na kufika hapo kwenyewe kulionyesha kwamba kumbe hata klabu ya Kenya inaweza kucheza fainali ya bara.

Mbegu haikuoza. Mwaka 1987 Gor Mahia ilirudi katika fainali ya kombe hilo dhidi ya Esperance ya Tunisia. Ilitoka sare ya 2-2 ugenini na 1-1 nyumbani, ikatwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kulibeba kombe la Afrika. Julians hakuwa tena usukani, lakini mwanzo mgumu ndio unaofungua njia. Naye Thigo alifuata nyayo hizo hizo: mchezaji akawa mkufunzi, akaifundisha Gor.

Tunaye pia Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 84. Jina lake lilipoimbwa redioni, nchi nzima ilisimama. Mwaka 2002 alikabidhiwa Harambee Stars aifunze. Hata hivyo, uzeeni mwake aliwahi kuendesha teksi mjini Nairobi ili apate mkate wa kila siku. Julians alikuwa na pa kwenda ujuzi wake ulipohitaji mnunuzi. Je, wetu tuliwatengea pa kwenda?

Swali hili linatuhusu hapa nyumbani. Bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa ya Kenya, mwaka 1963, alikuwa Nakuru All Stars. Mkoa huu ulikuwa na watu wanaoujua mpira kabla wengine hawajaamka. Kila kijiji kina mzee aliyewahi kuchezea timu ya reli, ya shamba la mkonge au ya kiwanda. Leo anakaa kando ya uwanja akiwatazama watoto wakikimbilia mpira wote kwa pamoja kama nyuki, na hakuna anayemwita.

Mwiteni. Mwalimu mkuu, mpe saa mbili za Ijumaa. Wazazi, changieni nauli yake na chai, kwa maana ujuzi wa mtu ni shamba lake, na hakuna anayelimiwa bure kila msimu. Nawe baba unayemfukuza mwanao uwanjani, ukisema mpira haulipi, kumbuka kwamba hata Julians hakutajirishwa na miguu yake. Kilichomlisha baadaye ni kujua kufundisha. Basi mwache kijana acheze, asome, na ajifunze pia kuwaonyesha wadogo wake anachokijua.

Avuliwaye nguo huchutama, wasema wahenga. Gor ilivuliwa Yaoundé, ikachutama, kisha ikainuka. Tukutane Jumapili ijayo.