Kuku Akikoroma, Usikimbilie Kisu wala Kidonge

Wazazi wenzangu, nanyi wanafunzi wetu,

Nyumba nyingi za hapa Mawaleh zina ua, na wapo miongoni mwetu waliofuga humo kuku watatu au wanne kwa ajili ya mayai, na ili watoto waonje kidogo maisha ya shamba wanayosimuliwa na bibi zao. Ni jambo jema. Lakini siku kuku mmoja anapoanza kukoroma na kuhema mdomo wazi, nyumbani husikika sauti mbili. Ya kwanza inasema: "Mchinjeni kabla hajafa kibudu." Ya pili inatoka kabatini, inatafuta vidonge vilivyobaki tangu baba alipoumwa na koo. Kwa maoni yangu sauti zote mbili zina haraka mno, na haraka hiyo haimdhuru kuku peke yake.

Tuanze na kisu. Kuku mgonjwa si kitoweo. Ukimchinja na kumnyonyoa jikoni, makamasi, damu na kinyesi chake vinafika kwenye mikono, visu na mbao za kukatia. Maradhi mengine ya ndege humwambukiza binadamu. Mafua ya ndege yanajulikana dunia nzima, na hata kideri huweza kumtia mtu uvimbe na wekundu wa macho.

Na kidonge je? Kideri, ambacho Tanzania bara wengi hukiita mdondo, kinaletwa na virusi. Kiligunduliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ndiyo maana Wazungu wakakipa jina la mji huo. Antibayotiki haiui virusi. Kwa hiyo ukimpa kuku wa kideri kapsuli ya baba, hujamtibu, umewapa vijidudu vingine nafasi ya kuizoea dawa ile. Tena dawa hupita mpaka kwenye yai, na yai hilo ndilo chai ya asubuhi ya mwanao.

Sasa tufanye nini? Kwanza tutazame na tusikilize, na kazi hii nataka tuwape watoto.

Mwanafunzi, anza na saa na msimu. Kuku hana jasho. Joto la kawaida la mwili wake ni kama nyuzi 41, na njia yake kubwa ya kupoa ni kutweta na kuyaachia mabawa mbali na ubavu. Mwezi wa Juni, saa saba mchana, joto la Maskati likipita nyuzi 40, kuku anayetweta huenda anaomba tu kivuli, hewa inayopita na maji ya baridi. Lakini akitweta hivyo hivyo alfajiri ya Januari, jua halina lawama. Huyo anaumwa.

Kisha chuchumaa mpaka pua yako iwe kimo cha kuku ndani ya banda. Ikikuwasha au macho yakitoa machozi, mmeshapata sababu moja: kinyesi kibichi kinatoa hewa kali inayochoma njia za pumzi. Ondoeni matandiko yaliyolowa, mtandaze maranda makavu, mfungue upande mmoja wa banda. Hakuna dawa ya dukani itakayomsaidia kuku anayelala juu ya uchafu huo kila usiku.

Halafu sema unachokisikia na kukiona, na useme kwa Kiswahili. Hapo ndipo lugha yetu inapofanya kazi. Anapiga chafya? Anakohoa? Anakoroma? Analia filimbi kifuani? Ananyoosha shingo na kupanua mdomo kama mwenye kitu kilichomkwama? Hiyo ya mwisho huweza kuwa minyoo ya koo. Uso umevimba na makamasi yananuka? Huenda ni mafua ya kuku. Amejikunyata, kinyesi ni cha kijani, shingo imepinda, na wenzake nao wanaanguka? Hapo hofia kideri. Undu, yaani kile kinyama chekundu cha kichwani, umegeuka zambarau? Hewa haimtoshi, na hapo hakuna kusubiri kesho. Mtoto anayejua tu kusema "kuku anaumwa" hajamsaidia daktari. Mwenye maneno kumi ya pumzi huona mambo kumi.

Mgonjwa mtengeni papo hapo, penye kivuli na utulivu, na chombo chake cha maji. Wahudumieni wazima kwanza, yeye mwisho, kisha mnawe mikono kwa sabuni. Msimmiminie kitu mdomoni kwa nguvu. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi, na maji ya pilipili au shubiri, ambayo mababu zetu waliyatumia kwa nia njema, yanaweza kuingia mapafuni. Kisha mwiteni daktari wa mifugo. Wakifa wengi kwa mpigo, piteni wizara ya kilimo mtoe taarifa, kwa sababu ukuta wa ua hauzuii maradhi yasifike kwa jirani.

Najua jibu litakalonijia: ada ya daktari inapita bei ya kuku. Kweli inapita. Lakini daktari hamtibu yule mmoja tu. Anakuambia kama wale waliobaki wamo hatarini na kama mayai yanaliwa. Wala sisemi kuku asiuawe kamwe. Pengine daktari mwenyewe atasema mateso yamezidi, na afadhali amalizwe. Huo utakuwa uamuzi wa mtu aliyekwisha kujua, na mtoto ataona tofauti yake na kisu cha pupa.

Bora zaidi ni kukinga. Kideri hakina dawa, kina chanjo. Vijijini Tanzania hutumika chanjo ya I-2 inayostahimili joto: tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Muulizeni daktari wa hapa ipi inafaa kwa kuku wenu. Na wazee walishasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tumezoea kuisoma methali hiyo kwa habari za watu, lakini kwa mfugaji ina maana yake ya wazi: kuku uliyemnunua leo usimchanganye na wenzake leo. Mweke mbali kama mwezi mmoja, umsikilize pumzi zake.

Basi wiki hii, kila mwanafunzi mwenye kuku nyumbani aende bandani jioni kukishakuwa kimya, asikilize, kisha aandike sentensi tano za aliyoyasikia. Asiye na kuku ampigie simu bibi au babu aliyeko Unguja, Pemba au Mombasa, amuulize kwao kuku akihema hivi wanasemaje. Jumamosi tuyalete maneno hayo darasani.