Kiduha na Haki ya Jirani

Katika mashamba ya mahindi yaliyo kandokando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Busia na Siaya hata Tarime, limo gugu ambalo mkulima huliona kwa macho baada ya sehemu kubwa ya madhara yake kwisha kutendeka: nalo ni kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo, chenye maua ya zambarau yapendezayo kuyatazama. Mbegu yake ni ndogo mfano wa vumbi, mche mmoja huweza kuzaa maelfu kwa maelfu, na mbegu hizo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikiwa hai, zisichipue mpaka zihisi utomvu wa mzizi wa hindi u karibu. Hapo ndipo huamka, zikajishikiza mzizini na kunyonya maji na chakula, hata mahindi yakadumaa na kunyauka ilhali mvua imenyesha vyema.

Aking'oaye kiduha kilichokwisha kuchomoza hapati faida kubwa msimu huo, na kwa sababu hiyo wengi hukiacha kikachanua. Hiyo, kwa maoni yangu, ni dhuluma. Mbegu hizo huchukuliwa na upepo, na maji ya mvua, na kwato za ng'ombe, na jembe la kuazimwa, zikaingia katika shamba la mtu asiye na hatia; na maadamu baraza la kijiji humtoza fidia aliyeachia mifugo yake ikala mazao ya mwenziwe, sioni kwa nini linyamaze kwa huyu aachaye kiduha kichanue, ambaye hasara aletayo itadumu miaka mingi zaidi.

Lakini haifai kuwatwisha wanawake, ambao aghalabu ndio wenye kushika jembe la palizi, taklifu hii ya kung'oa peke yao, na njia nyingine ipo. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha utafiti cha ICIPE huko Mbita, Kenya, wamedhihirisha kwamba desmodiamu, jamii ya kunde itambaayo, ikipandwa baina ya mistari ya mahindi, mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha kisha ikazizuia zisishike mzizi wa hindi. Tena huurutubisha udongo, ikawa pia malisho ya ng'ombe. Kweli, msimu wa kwanza hukua polepole na yenyewe yataka kupaliliwa, na mbegu yake ni ghali kwa fakiri. Basi serikali za kaunti na halmashauri zigharimie mbegu hizo, na aliyekwisha kustawisha awagawie jirani zake vipande vya mashina, kwani navyo hushika vikipandwa.

Na wazee wa kijiji wayapitie mashamba kabla ya maua kufunguka, wawakusanye watu wang'oe kwa pamoja, wakianzia kwa wajane na wagonjwa. Na kila mche uliokutwa umekwisha kuchanua uchomwe moto papo hapo, usitupwe njiani wala usipelekwe zizini.