Riwaya ya Mfunguo Mosi

Ni miaka 19 sasa nina sura moja ya riwaya. Nasema sura moja, si riwaya. Imo katika daftari la jalada gumu, nimeiandika upya hata hesabu imenipotea, na sura ya pili haijapata kuzaliwa. Nikiulizwa barazani, "Ustadhi, kitabu ki wapi?" hujibu kuwa kingali jikoni. Baadhi ya waulizaji wa mwanzo wameshatangulia mbele ya haki, nami bado napuliza moto.

Ugonjwa huu si wangu peke yangu. Ukimtaka shairi mtu wa Mombasa au Lamu, utalipata kabla kahawa haijapoa. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na hatuchoki kuutaja. Lakini riwaya? Wenzetu wa Unguja wametuacha mbali. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Akaja Mohamed Suleiman Mohamed na Kiu mwaka 1972, kisha Nyota ya Rehema mwaka 1976. Naye Said Ahmed Mohamed akatupa Utengano mwaka 1980. Upande wetu huu alisimama Katama Mkangi, mwenzetu wa pwani, kwa Ukiwa mwaka 1975, Mafuta mwaka 1984 na Walenisi mwaka 1995. Sisi washairi tulikuwa tukifanya nini? Tulikuwa tukijibizana kwa mafumbo.

Husemwa kuwa hatuna wakati, au kwamba wachapishaji hutazama kwanza kama kitabu kitasomwa shuleni. Hili la pili lina ukweli, ila mimi halijanizuia, kwani sijawahi kumpelekea mchapishaji hata ukurasa mmoja. Kilichonizuia ni woga.

Katika shairi nina pa kujificha. Nikitaka kumlaumu mtu humwita nazi mbovu, au chombo kilichokatika usukani, na ajuaye atajua. Riwaya haikubali hivyo. Yataka mlango na chumba, yataka mume anayechelewa kurudi na maneno aliyoambiwa alipobisha hodi. Nami naishi katika Mji wa Kale, ambako nyumba zimeegemeana mabega. Nikiandika leo, kesho nitaswali safu moja na niliyemwandika.

Sura yangu ni ya mjane aliyenyimwa thumuni yake ya urithi na nduguze marehemu mumewe, watu wasiokosa swala ya jamaa. (Usibahatishe, msomaji. Nimeshabadilisha mtaa, kazi ya mume na idadi ya watoto.) Mama huyo alinihadithia mwenyewe, jioni tatu, huku akichagua mchele. Alipomaliza aliniambia, "Andika, mwanangu, ila usinivue nguo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifunga mkono miaka yote hii. Maalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, aliona hadithi za kubuni kuwa ni uongo uliotiwa wino, na ikiwa si uongo, basi ni ghiba. Simcheki hata leo. Mji mdogo huishi kwa kusitiriana, na kalamu isiyo na haya yaweza kuvunja nyumba.

Lakini ni maalimu huyo huyo aliyetusomesha Surat Yusuf, nasi watoto tukasahau njaa. Mna wivu wa ndugu humo, mna kisima, mna kanzu iliyopakwa damu ya uongo, mna mwanamke aliyeifunga milango. Hakuna uchungu ulioepukwa. Ajabu ni kwamba yule mwanamke hakutajwa jina. Zulekha ni jina tulilolipata kwa wafasiri na wasimulizi. Qur'ani yamtaja kuwa ni mke wa Azizi, basi. Kitendo kimesemwa chote, na jina halikutolewa. Silinganishi kitabu changu na Kitabu, hasha! Nasema tu kwamba mwanafunzi wa chuoni hana haki ya kudai kuwa hakuonyeshwa njia. Mimi nilionyeshwa nikiwa na umri wa miaka tisa, na nimechukua zaidi ya miaka arubaini kuiona.

Mama yule alifariki mwaka jana. Wale waliomdhulumu walikuja mazikoni, nami nikapeana nao mikono.

Basi nimeuweka mwaka wangu wa kuandika. Hautaanza Januari. Wazee wetu walihesabu miezi kuanzia Idi, wakaiita Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hata Mfunguo Tisa. Miezi tisa, muda wa mimba! Ni yapata siku 265, na nikitoa Ijumaa zote zasalia 227. Nataka ukurasa mmoja kila siku, kwa mkono, baada ya swala ya Alfajiri na kabla simu haijaanza kulia. Ukurasa mbaya nao ni ukurasa, usahihi utangoja. Mwezi wa Rajabu nitamsomea mke wangu kwa sauti, naye hana huruma na maneno ya ziada. Shaabani nitakata na kushona. Ramadhani mswada utafungiwa sandukuni, mimi nishughulike na yangu ya akhera.

Ukitoka sandukuni hautakwenda kwa mchapishaji kwanza. Utakwenda kwa binti wa marehemu, ausome peke yake. Akisema nimemvua nguo mamake, nitaziandika upya kurasa hizo, hata kama ndizo nizipendazo. Akisema nimewasitiri mno wale ami zake, nitaziandika upya pia.

Daftari jipya nimeshalinunua. Lina kurasa 200, halitatosha, lakini kwa sasa latisha vya kutosha. Ile sura ya kwanza sikuinakili humo. Nitaanza na ya pili.