Simu ni ya baba, mimba ni ya mama

Kibanda changu cha uwakala kiko Makanyagio, hapa Mpanda. Wanaokuja kutoa pesa huniletea na kazi nisiyolipwa: "Kaka, nisomee hii meseji." Wengi ni akina mama waliotoka Mwese au Mishamo, na mara nyingi ni ushauri wa ujauzito. Nasoma kwa sauti ya chini kwa sababu foleni inasikia. Fikiria: mimi mwanamume, hata jina la mama silijui, ndiye ninayemweleza habari za kutokwa damu.

Faida ya ushauri huo naiona. Kampeni ya Wazazi Nipendeni ilipoanza mwaka 2012, mama alituma neno "mtoto" kwenda 15001, bure, akawa anapata maelezo yanayokwenda na umri wa mimba yake. Namba 199 ya Wizara ya Afya nayo haikati salio. Na Katavi, mkoa wetu, ndiko utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikokuta asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Hao wote watamsubiri daktari gani?

Tatizo ni kwamba wapangaji wa huduma hizi humwazia mama mwenye simu yake. Huku nyumba nyingi zina simu moja, ya baba, na inashinda naye machungani hadi jioni. Namba anayoitoa mama kliniki ni hiyohiyo. Mshauri akipiga saa nne asubuhi kuzungumzia uzazi wa mpango au majibu ya VVU, atapokea nani? Kuna mama mmoja aliniomba nimfutie meseji kabla hajaondoka. Nilifuta, sikuuliza.

Muuguzi anapoandika namba, aulize kwanza simu ni ya nani na mama apigiwe saa ngapi. Ushauri uwe wa sauti, kwa Kisukuma na Kirundi pia, uingie hata kwenye kitochi, maana bando kwa wengi huku ni anasa. Anayebipu apigiwe. Mpigaji asitaje ugonjwa kabla hajajua anaongea na nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, nami wakala wa miamala sioni nilikotajwa kuwa msomaji wa habari hizo.